Vigae vya bafuni: Mng'aro uko juu, afya iko chini yake

Siku hizi ni nadra kuona nyumba mpya mjini Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru ambayo bafu na choo chake hazina vigae. Sakafu ya simiti iliyotiwa rangi nyekundu, ambayo wengi wetu tulilelewa tukiisugua kwa nta kila Jumamosi, imeanza kuonekana ya kizamani. Hata wenye nyumba za kukodisha wamegundua kwamba vigae vichache bafuni huwapa sababu ya kupandisha kodi.

Kwa upande wa afya, haya ni mabadiliko mema. Kigae kilichowekwa vizuri hakinyonyi maji machafu, huoshwa kwa sabuni kikatakata, na hakiwaachii mende mianya ya kujificha.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi hulisahau wanapokwenda dukani kuchagua rangi na maua. Kigae ni cha juu tu. Kinacholinda afya ya jamaa yako ni kile kilicho chini ya kigae: mteremko wa sakafu, tabaka la kuzuia maji, na gundi iliyojaa sawasawa. Vyote hivyo hutegemea mikono ya fundi, na vyote hufunikwa kabla wewe mwenye nyumba hujapata nafasi ya kuvitazama.

Ndiyo sababu yafaa ujue kazi hii inavyofanywa kabla ya kumwita fundi, wala si baada ya sakafu kuanza kuvuja.

Bafu linavyoleta madhara

Je, bafu linaweza kumdhuru mtu vipi? Kwanza ni kuteleza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za mapato ya chini na ya wastani. Wanaokufa kwa wingi zaidi ni watu waliopita umri wa miaka 60.

Kijana akiteleza, mara nyingi huinuka akacheka. Ajuza akiteleza, mambo huwa mengine. Mifupa ya wazee, hasa ya kina mama waliokoma kupata hedhi, huwa imepungua uzito na nguvu. Nyonga ikivunjika, mgonjwa huhitaji kupasuliwa, na akilala kitandani kwa muda mrefu huwa katika hatari ya kupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni. Wengi hawarudi tena kutembea kama zamani. Kwa jamaa inayoishi na nyanya au babu, uchaguzi wa kigae cha bafuni si jambo la urembo tu.

Pili ni unyevu. Maji yanayopenya chini ya vigae hayakauki upesi. Hukaa humo, hupanda ukutani, na baada ya miezi kadhaa rangi ya chumba cha pili huanza kububujika na kubanduka. Mahali penye unyevu huota kuvu. Mwaka wa 2009, WHO ilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, ikaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba za namna hiyo huwa katika hatari zaidi ya kupata kikohozi, kukorota kifuani na ugonjwa wa pumu. Watoto na wale ambao tayari wana pumu ndio huumia zaidi.

Katika nyumba za ghorofa, isitoshe, maji yako humwangukia jirani wa chini. Yakipitia penye nyaya za stima, ugomvi wa majirani ndio utakaokuwa jambo dogo.

Tatu ni vumbi na simiti wakati wa kazi yenyewe. Hilo tutalieleza baadaye, kwa sababu anayeumia kwanza ni fundi, kisha watoto walio ndani ya nyumba.

Kigae si kigae tu

Kigae cha kauri hutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mawe yaliyosagwa, ukashindiliwa, ukaokwa katika tanuri lenye joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Vingi hupakwa juu utando unaogeuka kama kioo tanurini, na huo ndio unaotoa mng'aro. Nchini Kenya kuna viwanda vinavyotengeneza vigae Kajiado na Athi River, na vingine huletwa kutoka China, India na Uhispania.

Tofauti kubwa baina ya kigae na kigae ni kiasi cha maji kinachonyonywa na mwili wake. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa, vigae vinavyonyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ni vya ukutani tu. Vile vinavyonyonya asilimia 3 au chini ya hapo ni vigumu na hufaa sakafuni. Vile viitwavyo posileni hunyonya nusu ya asilimia 1 au chini zaidi.

Ukiwa dukani bila karatasi ya vipimo, geuza kigae uangalie mgongo wake, kisha udondoshe tone la maji hapo. Tone likizama mara moja kama linavyozama kwenye tofali, hicho ni cha ukutani. Likikaa juu kwa muda, kigae kimeshikamana vizuri. Hiki si kipimo cha maabara, lakini kitakuokoa usiuziwe cha ukutani ukidhani ni cha sakafuni.

Jambo la pili ni utelezi. Vigae vingi vya Ulaya huandikwa alama ya R na tarakimu, kuanzia R9 hadi R13. Kadiri tarakimu inavyopanda, ndivyo kigae kinavyoshika mguu. R9 ni ya sebuleni na vyumbani. Kwa bafu la nyumbani, tafuta R10 au R11. Vingine huwa na herufi A, B au C kwa mahali panapokanyagwa kwa miguu mitupu, na penye kuogea yafaa uchague B.

Kama hakuna alama yoyote, mwombe muuzaji maji yenye sabuni kidogo, umwagie kigae, kisha ukisugue kwa kisigino kikiwa chini. Kigae kinachong'aa kama kioo kitateleza hapo hapo mbele yako. Usione haya kufanya hivyo. Pesa ni zako na mguu ni wako.

Aidha, yafaa ujue kwamba vigae vidogo hufaa zaidi penye kuogea kuliko vile vikubwa vya sentimita 60 kwa 60. Vidogo vina viungo vingi, na viungo hivyo husaidia mguu kushika. Isitoshe, vigae vidogo hufuata mteremko wa sakafu kwa urahisi. Kikubwa hakipindi, na fundi akilazimika kukilaza mahali penye mteremko, ama atakikata vipande au ataondoa mteremko.

Kuhesabu idadi si kazi ngumu. Tuseme bafu lako lina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Eneo la sakafu ni mita 3 za mraba. Kigae cha sentimita 30 kwa 30 hufunika mita 0.09 za mraba, hivyo utahitaji 34. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vitakavyokatwa na kuvunjika, upate 38. Hakikisha maboksi yote yana nambari moja ya toleo, kwani rangi hutofautiana kidogo toleo hadi toleo. Vichache vikibaki, viweke. Kimoja kikipasuka baada ya miaka 3, huenda usikipate tena dukani.

Kumtafuta fundi

Wakenya wengi hutafuta fundi kwa kuulizana. Jirani humtaja aliyemfanyia kazi, au mwenye duka la vigae humwita kijana anayengojea kazi nje ya mlango. Hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kumpa mtu kazi kwa sababu tu bei yake ni ya chini.

Kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2011 iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), wanakandarasi wa ujenzi hupaswa kusajiliwa, na mafundi wenye ujuzi hupaswa kuidhinishwa. Pia, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) huwatahini mafundi na kuwapa vyeti vya daraja la tatu, la pili na la kwanza, la kwanza likiwa ndilo la juu. Muulize fundi kama ana cheti chochote kati ya hivi. Akiwa hana, haimaanishi kwamba hajui kazi, kwani wapo walioifunza kwa kumfuata fundi mkubwa kwa miaka mingi. Lakini basi kazi yake ndiyo iwe cheti.

Mwombe akupeleke mahali alipofanya kazi angalau mwaka 1 uliopita. Bafu lililomalizika juzi halikuambii kitu, maana kila bafu jipya hupendeza. Lenye mwaka mmoja husema kweli. Tazama pembeni kama pana weusi wa kuvu. Gonga vigae kwa sarafu usikilize. Kigae kilichojaa gundi hutoa sauti nzito, na chenye utupu chini yake hulia kama debe. Muulize mwenye nyumba kama maji husimama sakafuni baada ya kuoga.

Kisha muulize fundi mwenyewe maswali haya:

- Sakafu yangu iko vipi sasa, na utaitengeneza namna gani kabla ya kuanza?
- Utaweka mteremko wa kiasi gani kuelekea tundu la maji?
- Utatumia nini kuzuia maji chini ya vigae?
- Utatumia simiti au gundi ya vigae, na kwa nini?
- Utakata vigae wapi, na kwa mashine gani?
- Kikibanduka kimoja baada ya miezi 6, utarudi?

Fundi anayeijua kazi yake atafurahi kuulizwa, na aghalabu atakuwa na maswali yake kwako kabla hajataja bei. Atataka kujua kama nyumba ni ya juu au ya chini, kama kuna mzee au mtoto, na kama utaweka bafu la stima. Akikujibu, "Usijali, mama, vigae vyenyewe huzuia maji," mshukuru kwa muda wake umtafute mwingine. Kigae hakipitishi maji kwa urahisi, ni kweli, lakini viungo vilivyo kati ya kigae na kigae hupitisha.

Maafikiano yawekwe kwenye maandishi, hata kama ni karatasi moja ya daftari. Andikeni eneo kwa mita za mraba, bei ya kila mita, nani atanunua vifaa, siku za kazi, na jinsi malipo yatakavyotolewa. Mtie sahihi wote wawili na kuandika nambari za vitambulisho. Usilipe pesa zote mwanzoni. Toa sehemu ya kwanza kazi inapoanza, sehemu ya pili baada ya jaribio la maji ambalo tutalieleza, na ubakishe sehemu hadi ukague kazi iliyokwisha.

Mkikosana, karatasi hiyo itakusaidia. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na waweza kujitetea mwenyewe bila wakili.

Kazi inavyopaswa kwenda

Sasa tuingie bafuni. Yafaa uwepo, au umwachie mtu unayemwamini, katika hatua tano zifuatazo. Kila hatua hufunika ile iliyotangulia.

1. Kukagua sakafu

Sakafu iwe ngumu, safi na bila nyufa. Fundi huweka ubao ulionyooka juu yake na kutazama mabonde. Simiti mpya ipewe wiki 4 hivi ikauke na kujikaza, kwa kuwa simiti inayokauka husinyaa, na ikisinyaa chini ya vigae huvivuta na kuvipasua. Mafuta, rangi ya zamani na nta vikwanguliwe, maana gundi haishiki juu ya nta.

Katika sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama vile Embakasi, Syokimau na Kitengela, udongo huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Ufa ukiwa unafunguka na kujifunga kila mwaka, kuuficha kwa vigae hakuuponyi. Muite mjenzi auchunguze kwanza.

Kama utaweka bafu la stima, nyaya zake pamoja na ule wa kupeleka umeme ardhini zipitishwe na fundi wa stima aliye na leseni kabla ya vigae. Kutoboa ukuta baadaye ni kuharibu kazi mara mbili.

2. Kuweka mteremko

Sakafu ya penye kuogea hushuka kama sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea tundu la maji. Bafu ambalo tundu lake liko umbali wa mita 1.5 kutoka ukutani litashuka sentimita 3. Mteremko huu hufanywa kwenye simiti ya chini, wala si kwa kuongeza gundi chini ya vigae. Mwombe fundi aweke pimamaji mbele yako. Hapo ndipo maji yanayosimama na kuwatelezesha watu huzuiwa.

3. Kuzuia maji

Dawa ya kuzuia maji hupakwa kwa brashi mara mbili au zaidi, kila mpako ukiachwa ukauke. Hupakwa sakafu nzima, pembeni zote, kuzunguka tundu la maji, na kupanda ukuta wa penye kuogea hadi juu ya kichwa cha mwenye kuoga. Kwenye pembe, kitambaa maalum huzikwa ndani ya dawa ili pasipasuke.

Kisha lifanyike jaribio la maji. Fundi huziba tundu, hujaza maji sakafuni kwa kina cha sentimita chache, hutia alama ukutani na kuyaacha saa 24. Kesho yake, mkitazama alama na dari ya nyumba ya chini, mtajua. Jaribio hili halina gharama isipokuwa siku moja ya kungoja, na wengi huliruka kwa sababu ya haraka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa ndipo usemi huo unapohitajika hasa.

4. Kupachika vigae

Kwa miaka mingi mafundi wetu walizoea kuloweka vigae katika karai la maji, kisha kuvipachika kwa uji wa simiti. Njia hiyo ilifaa kwa vigae vya zamani vilivyonyonya maji, kwa kuwa simiti ilipenya katika mgongo wa kigae ikashika. Kigae cha posileni hakinyonyi, hivyo simiti tupu haina pa kushika. Kitakaa miezi kadhaa, kisha kitainuka kizimakizima kama kifuniko cha sufuria. Kwa posileni, tumia gundi ya vigae iliyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, na uangalie kama mfuko una alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS).

Gundi hutandazwa kwa mwiko wenye meno, mistari yote ikielekea upande mmoja, kisha kigae hushindiliwa ili mistari ilale na kujaa. Mahali penye maji, gundi inapaswa kugusa karibu mgongo wote wa kigae, yaani asilimia 95. Mwombe fundi akiinue kigae kimoja alichokilaza sasa hivi, umtazame mgongo. Ukiona mabonge matano, manne pembeni na moja katikati, simamisha kazi. Kati ya mabonge hayo ndimo maji yatakamokaa, na hapo ndipo kigae kitakapopasuka chupa nzito ikiangukia.

Gundi isitandazwe eneo kubwa mno. Ikikaa wazi kwa dakika 20 hivi huanza kufanya utando na haishiki tena. Kati ya vigae iachwe nafasi sawa ya milimita 2 au 3 kwa kutumia misalaba midogo ya plastiki. Kushonanisha vigae bila nafasi huonekana maridadi, lakini jua na baridi huvitanua na kuvisinyaza, na visipokuwa na nafasi husukumana hadi vikainuka. Pembeni mwa ukuta pia iachwe nafasi ndogo.

5. Kujaza viungo

Baada ya saa 24 hivi, viungo hujazwa kwa unga laini uliochanganywa na maji, ambao mafundi huuita grauti. Ijae hadi chini, isipakwe juu juu. Lakini penye pembe, pale sakafu inapokutana na ukuta, na ukuta kwa ukuta, itumike silikoni ya bafuni inayozuia kuvu. Sehemu hizo hucheza kidogo kila siku, na grauti, kwa kuwa ni ngumu, hupasuka na kufungua mlango wa maji.

Usioge humo mpaka muda ulioandikwa kwenye mfuko wa gundi na kopo la silikoni uishe.

Mapafu ya fundi

Vigae vina silika, ile ile iliyo katika mchanga na mawe. Grainda ikikata kigae kikavu, hutimua vumbi jeupe ambalo chembe zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho wala hazikohoki. Huingia ndani ya mapafu zikabaki humo, zikaleta makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Pia humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu. Mwaka wa 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliweka vumbi la silika inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu.

Kigae cha bafu moja hakitakuua. Lakini fundi hukata vigae kila siku, na kijana wake hushikilia akiwa amejifunga kitambaa puani akidhani kinatosha. Hakitoshi. Wakate kwa mashine inayotiririsha maji au kwa kikataji cha mkono kinachokwaruza na kuvunja, ambacho hakitoi vumbi jingi. Wakilazimika kutumia grainda, wafanye hivyo nje, wakivaa barakoa ya N95 inayobana uso, na miwani. Bei ya barakoa ni ndogo kuliko ya kigae kimoja kizuri. Ukiwanunulia wewe mwenyewe hutapata hasara.

Watoto na mwenye pumu waondoke nyumbani siku ya kukata. Vumbi lisifagiwe kavu, bali lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Simiti nayo, pamoja na gundi na grauti zenye simiti, huunguza ngozi polepole. Fundi anaweza kupiga magoti ndani yake saa nzima asihisi lolote, kisha jioni akute malengelenge. Wengine hupata ukurutu wa mikono usiokwisha kwa sababu ya madini ya kromiamu yaliyomo. Glavu za mpira na maji safi karibu ndiyo kinga. Ikiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mtu apelekwe hospitalini.

Ukiwa mpangaji

Wasomaji wengi wa mjini hawana bafu la kuvunja na kujenga upya. Hata hivyo, kuna mambo unayoweza kufanya katika nyumba ya kukodi.

Tandika mkeka wa mpira wenye vinyonyi penye kuogea, uuinue kila baada ya kuoga ili ukauke. Ukiwa na mzee, mwombe mwenye nyumba akuruhusu kufunga kishikio cha chuma ukutani, na kifungwe kwa skrubu, si kwa kile kinachonyonya ukuta, maana hicho huachia wakati mtu anapokitegemea. Taa ya bafuni iwe inawaka vizuri usiku. Fungua dirisha baada ya kuoga. Ukiona kigae kimelegea au grauti imetoka, mwandikie mwenye nyumba mapema, kabla maji hayajafika kwa jirani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katika kusafisha, sabuni na brashi hutosha. Asidi ya chooni hula grauti. Tena usichanganye kamwe dawa yenye klorini na asidi ya kusafishia choo. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo ndani ya bafu dogo lililofungwa inaweza kumharibu mtu mapafu kwa dakika chache.

Siku ya kupokea kazi

Fundi akikuambia amemaliza, usikimbilie kutoa pochi. Chukua sarafu ugonge vigae vyote, kimoja kimoja. Pitisha kiganja juu ya viungo uone kama kuna ukingo uliojitokeza, kwa sababu huo ndio utakaomjikwaza nyanya. Mwaga ndoo ya maji kwenye pembe iliyo mbali zaidi na tundu, kisha ungoje. Maji yote yanapaswa kwenda yenyewe, bila kufukuzwa kwa ufagio.

Yakienda, mlipe fundi haki yake yote siku hiyo hiyo, umwombe nambari yake, uwape majirani. Yakibaki kidimbwi katikati ya sakafu, mwonyeshe kwa upole, mrudi kwenye karatasi mliyotia sahihi. Kidimbwi hicho kitakuwapo kila asubuhi, na siku moja atakanyaga humo mtu ambaye mifupa yake haitamsamehe.